Boksi la majaribio ya sayansi (yabisi, kiowevu, gesi) limefika hadi Lamu: nyota tatu kwa tano

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasio na muda wa kusoma yote. Boksi si baya, watoto wamelifurahia sana tena sana, lakini bei imezidi na kitabu chake kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala Lamu mwezi wa tatu. Nyota mbili ni za mabomba ya sindano na thamomita, ya tatu ni ya gololi, vile vingine vyote ama unavyo jikoni tayari ama huvihitaji, na kimoja ningesema kisingeingia humo kabisa, nitakifikia.

Sasa wenye muda. Mimi nafundisha tuisheni nyumbani hapa Langoni, si shule, ni daka la nyumba na mkeka tu, watoto wa kakangu na wa majirani, wengi gredi ya nne na ya tano, wakitoka chuoni (madrasa) jioni wanapitia kwangu. Mada hii ya maada wanaijua kwa mdomo vizuri mno, yabisi ina umbo lake, kiowevu hufuata umbo la chombo, gesi hujaza chombo chote, wanakuimbia kama wanasoma juzuu, lakini muweke mmoja mbele ya glasi ya maji ya friji umuulize hayo maji ya nje ya glasi yametoka wapi, atakwambia "shangazi, glasi yavuja". Na ni mtoto anayepata alama nzuri huyo! Ndio nikaona bora nitafute kitu watashika kwa mikono yao, nikazunguka zunguka kwenye simu nikaliona hili boksi kwa duka moja la mtandaoni la Nairobi, jina naliacha maana tushamalizana nao. Shilingi 3,200 bila usafiri. Limeandikwa ni la miaka 7 hadi 12.

Ndani kuna nini: mabomba mawili makubwa ya sindano (bila sindano yenyewe alhamdulillahi), thamomita ya kioo yenye uzi mwekundu, vikombe vya plastiki vyenye alama za mililita, sinia dogo la plastiki na gololi, mabaluni, pakiti ya konflawa, pakiti ya bekingi soda na ya unga wa sitriki, rangi ya chakula, mshumaa uliokatwa vipande, chokoleti, taa ndogo ya spiriti, vidonge vya nafutalini, na kitabu chenye picha nyingi. Kitabu ni cha Kizungu, hiyo sina shida nayo kwa sababu sayansi shuleni wanasoma kwa Kizungu, mimi namsomesha kwa Kiswahili akaelewa, akifika darasani anajua anasema nini.

Safari yake sasa. Kutoka Nairobi na basi, likashuka hadi pwani, Malindi, Garsen, mpaka Mokowe, hapo boti, hapa gatini kijana akalileta na mkokoteni. Nililipia 450 ya usafiri na sioni kama ni nyingi kwa njia hiyo. Ila mtu aliyeweka chokoleti kwenye boksi la kuja Lamu nampongeza kwa imani yake. Chokoleti hulainika ikigonga nyuzi thelathini na kitu, hiyo ilikuwa imeshayeyuka zamani, ikaganda tena usiku ndani ya basi lenye eyakondishen, ikayeyuka tena Mokowe juani, imeingia kwenye kona za boksi na kwenye kurasa za kitabu. Tukaikwangua na kisu tukaitia friji, kesho yake ikatoka ngumu lakini ina mabaka meupe juu, watoto wakasema imeota kuvu. Si kuvu, ni yale mafuta ya kakao yamejitenga wakati wa kuyeyuka na kuganda upya ovyo ovyo. Wakaila. Kwa hivyo jaribio la kwanza la kitabu tulilifanya bila kufungua kitabu.

Hicho kitabu ndicho tatizo langu kubwa kwa kweli. Ukurasa wa kuganda unakwambia weka kikombe cha maji nje ya dirisha usiku wa baridi, asubuhi utakuta barafu. Mtoto wa jirani aliusoma kwa sauti, wakatazamana, akauliza "nje ya wapi?" Lamu usiku ukiwa wa baridi sana mtu anajifunika kanga moja. Na ukurasa wa pili yake unasema chukua kijiko cha mafuta ya nazi yaliyoganda, yapashe moto uone yanavyoyeyuka. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi! Huku kwetu chupa inakaa juu ya kabati mwaka mzima ni maji tu, wengi wa watoto hawa hawajui kama yanaganda, ila mmoja ambaye dadake anasoma Nairobi alisema walimpelekea chupa ya mafuta mwezi wa saba akapiga simu analalamika mmenitia nini humu, hayatoki. Basi hapo nikapata somo zuri kuliko la kitabu, kitu kile kile, chupa ile ile, Lamu kiowevu, Nairobi yabisi, hakuna aliyekigusa, ni joto la mahali tu limebadilika.

Tukaligeuza jaribio juu chini. Mafuta ya nyumbani, tukatia kidogo kwenye kikombe, friji, yakatoka meupe magumu. Nikampa kila mtoto bonge dogo katikati ya kiganja nikawaambia msifunge mkono, tazameni tu. Kwanza pembeni panakuwa kama kioo, ule weupe unarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea katikati, halafu panabaki kidoti cheupe kinaogelea, halafu hakipo. Yule mdogo kuliko wote alinyamaza wakati wote huo, na si mtoto wa kunyamaza. Halafu wote wakajipaka kichwani, sawa, mafuta ni mafuta.

Gololi sasa, hizi nazisifu, kila gololi ni mfano wa kimoja cha vile vidude vidogo mno vinavyounda kila kitu. Sinia la plastiki lina ukingo, unatia gololi unaliinamisha zinarundikana pembeni zimeshikana, ukilitikisa polepole zinatetema lakini hazihami mahali pake, hiyo yabisi. Ukilitikisa zaidi zinateleza zinapitana lakini bado ziko pamoja, kiowevu. Ukilitikisa kwa nguvu zinaruka kila upande na nyingine zinatoka nje, gesi. Mtikisiko ndio joto. Ni kitu cha bei ya chini kabisa ndani ya boksi na ndicho nilichokirudia kila siku, kila tukimaliza jaribio namwambia mtoto haya nioneshe kwa gololi kilichotokea. Nilikuwa na wasiwasi watadhani maji yana gololi ndani kweli, na mmoja akadhani hivyo kweli, ikabidi nieleze ni mfano, vile vidude vyenyewe ni vidogo kiasi kwamba tone moja tu lina vingi huwezi kuvihesabu ukaisha. Tukatoka pia tukacheza wenyewe pale kwenye njia, simameni mshikane, sasa pitaneni, sasa kimbieni, mpaka punda wa mtu akapita na mawe ya ujenzi gesi yote ikaganda ukutani.

Bomba la sindano. Wallahi kama mtu anauza hilo peke yake na karatasi moja ya maelezo ningempa nyota tano. Ni la mililita 60, unavuta hewa mpaka mwisho, unaziba mdomo na kidole, unasukuma. Linaingia! Mtoto wa gredi ya nne anasukuma mpaka nusu na zaidi, anaona kitu kinamsukuma nyuma, akiachia linaruka kurudi. Sasa jaza maji, toa hewa yote, ziba, sukuma. Hakuna kitu. Walisukuma mpaka uso mwekundu, wakapokezana, mmoja akaenda kumwita kakake anayebeba mizigo gatini aje asukume, akaja, akasukuma, maji hayakusogea, watoto wakamcheka jamani. Kile kitabu cha shule kinasema gesi hubanika na kiowevu hakibaniki wanakariri hivyo, lakini mtu aliyeshindwa na bomba la maji mbele ya watoto hahitaji kukariri tena.

Halafu kuna hili ambalo hata mimi sikuwahi kuliona kwa macho. Unavuta maji ya moto, si yanayochemka, yale yametoka kwenye birika yakatulia dakika chache, robo ya bomba hivi, unatoa hewa, unaziba, halafu badala ya kusukuma unavuta. Maji yanachemka humo ndani! Mapovu kabisa, bila moto. Ukiachia yananyamaza. (Hii ifanye mtu mzima, plastiki inapata moto na kidole chako ndicho kifuniko, weka kitambaa au raba.) Kwa nini? Kwa sababu kuchemka si moto peke yake, ni moto na mgandamizo wa hewa inayolalia maji. Sisi hapa tuko usawa wa bahari maji yanachemka kwenye nyuzi 100, Nairobi juu kule yanachemka kwenye 95 hivi, na juu kabisa ya Mlima Kenya ni kama 83 tu, ndio maana maharagwe huko juu yanasumbua. Kitabu kiliitupa hii kwenye mistari mitatu ukurasa wa mwisho, wangeianza nayo.

Hapo ndipo binti yangu aliuliza swali la mtungi wa gesi. Kama gesi hubanika, ile gesi ya kupikia imebanwa humo? Nikamwambia nenda kautikise. Ni ule wa kilo 6, akautikisa, ndani kunasikika majimaji, akarudi mbio, "mama kuna maji ndani wametuibia!" Hawajatuibia, propeni na buteni zikibanwa vya kutosha zinageuka kiowevu, propeni kwa hewa ya kawaida ingechemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hivyo ukifungua tu koki inatoka ni gesi. Na ukipika kitu kirefu, pilau la watu wengi, gusa mtungi, chini umepoa na umetoka jasho na juu mkavu, pale jasho linapoishia ndipo kiowevu kilipofika. Hiyo sasa hata mama zao walikuja kuangalia, maana kila mtu anataka kujua gesi yake imebaki kiasi gani.

Thamomita nayo nzuri, inasoma kutoka chini ya sifuri 10 hadi 110. Yangu imekosea kidogo, kwenye barafu inayoyeyuka inasoma 1 badala ya 0, kwenye maji yanayochemka imekaa 100 sawasawa, kwa watoto haidhuru. Jaribio ni kuponda barafu, kuchomeka thamomita, na kuandika kila dakika chache. Watoto waliudhika kwa sababu haipandi! Dakika zinaenda, barafu inaisha, jua liko nje, namba ile ile. "Imeharibika." Haijaharibika, joto lote linaloingia linatumika kuvunja vile vidude kushikana, mpaka kipande cha mwisho kiishe ndipo uzi unaanza kupanda. Niliwaacha waudhike makusudi, kuudhika huko ni sehemu ya somo.

Halafu chumvi. Kitabu hakina hii na sijui kwa nini. Ponda barafu, tia chumvi nyingi, koroga, uzi mwekundu ukashuka chini ya sifuri ukaendelea kushuka mpaka chini kabisa kwenye alama za mwisho. Chumvi inalazimisha barafu iyeyuke na kuyeyuka kunakula joto, ukiwa na kipimo kizuri inaweza kufika hata 21 chini ya sifuri. Tukachukua juisi ya ukwaju kwenye kikombe chembamba tukakizamisha kwenye hiyo barafu ya chumvi, wakapokezana kukizungusha, ikaganda bila friji. Barafu ya ukwaju yenyewe kila mtoto hapa anainunua kwa shilingi chache, lakini kuitengeneza kwa chumvi ilikuwa ni kama nimefanya uchawi. Barafu tulinunua ile ya wavuvi, usiitie mdomoni hiyo, ni ya nje ya kikombe tu, na chumvi isiingie kwenye juisi, mmoja iliingia akainywa hivyo hivyo kwa ubishi.

Turudi kwa glasi inayovuja. Rangi ya chakula ya kwenye boksi ndiyo iliyotatua kesi. Maji baridi, tia rangi nyekundu, barafu mbili tatu ndani, kausha glasi nje vizuri na kitambaa, kaa. Lamu na unyevu wake huu hata hungoji, glasi inakuwa na ukungu, ukungu unakuwa matone, matone yanateremka. Futa na karatasi nyeupe ya tishu. Karatasi nyeupe! Kama yangevuja yangekuwa mekundu. Yule wa "glasi yavuja" aliitazama ile tishu, akaigeuza upande wa pili, akaifuta tena glasi chini kabisa kwenye kitako, nyeupe bado, akasema "basi yatoka kwa hewa." Mwenyewe, sikumwambia mimi.

Kuvukiza, evaporesheni, kitabu kina jaribio la kijinga la kikombe cha maji juu ya hita ya chumbani. Hita! Sisi tukapanda juu darini na sinia la bati na maji ya bahari, tumeyachota kule mbele ya Shela si hapa gatini penye mafuta ya boti. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, vijiko vidogo sita hivi. Jua na upepo vikafanya kazi, tukabaki na utando mweupe unaong'aa chini ya sinia, hakuna moto uliowashwa na hakuna kilichochemka. Hapo watoto waliosafiri na basi wakakumbuka wenyewe yale mashamba ya chumvi ukipita Marereni na Gongoni kabla ya Malindi, yale marundo meupe makubwa, kumbe ni sinia letu hilo hilo limekuwa kubwa. Na mtungi wa maji wa bibi, ule wa udongo, maji yanapenya kwenye udongo yanakauka nje na kuondoka na joto, ndani yanabaki baridi, kwa hivyo bibi naye alikuwa na friji isiyotaka stima. Huwezi kununua hayo kwa 3,200.

Konflawa: vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji, ukiupiga ngumi mgumu, ukiutuliza mkono unazama. Wanapenda mno, sakafu haipendi. Swali likawa hii ni yabisi au kiowevu, na ubishi wake ukazaa mwingine mzuri zaidi, mchanga je? Mchanga wa Shela unamiminika, unafuata umbo la kopo, ni kiowevu? Nikawapa kioo cha kukuzia. Kila punje ina umbo lake na haibadiliki, na ukiumimina mchanga unajirundika kilima, maji hayajirundiki. Ishia hapo, konflawa ina mambo yake mengine na mtoto wa miaka kumi anaweza kuambiwa wazi kwamba vitu vingine havikai vizuri kwenye yale makundi matatu.

Sasa malalamiko. Jaribio la baluni, bekingi soda kwenye chupa, maji yenye unga wa sitriki (mimi nilitumia siki na ndimu, sawa tu), baluni mdomoni, linajaa. Burudani. Mabaluni mawili yalipasuka kabla hata ya kuanza, yamezeeka. Lakini kitabu kinasema hapo "kiowevu kimegeuka gesi" na hilo SI KWELI, samahani. Pale vitu viwili vimekutana vikatengeneza kitu kipya, kaboni dayoksaidi, si ile siki imekuwa mvuke. Barafu ukiiyeyusha unaigandisha tena, mvuke ukiupoza unarudi maji, hiyo baluni ipoze unavyotaka hutapata siki wala soda ndani yake. Kitabu cha kufundishia watoto hali za maada kinachanganya badiliko la hali na badiliko la kikemikali, na mtoto akiandika hivyo kwenye mtihani anakosa. Hapo nyota moja nimeitoa bila huruma.

Nyota nyingine nimeitoa kwa nafutalini. Wameweka vile vidonge vyeupe vya kabatini kuonesha kitu kinachotoka yabisi hadi gesi bila kupitia umaji. Ni kweli kinafanya hivyo. Lakini ni sumu, vinafanana na peremende, na kuna watu wana upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD ambao nafutalini inaweza kuvunja seli zao nyekundu za damu, na upungufu huo uko zaidi kwa watu wa sehemu zenye malaria tangu jadi, yaani sisi. Wengi hawajijui. Unaweka hicho kitu kwenye boksi la mtoto wa miaka saba, ndani ya pakiti isiyo na onyo lolote zaidi ya "usile"? Nilivifunga nikavitoa nyumbani siku hiyo hiyo. Badala yake nilitumia kipande kidogo cha kafuri kwenye sahani, mimi mwenyewe nakishika, mbali na watoto kwa sababu nayo haimezwi, kinapungua siku hadi siku na sahani inabaki kavu. Tatizo la kafuri hapa kwetu ni moja, mtoto aliingia mlangoni akanusa akauliza nani amefariki. Kwa harufu kusambaa tukahamia udi, kwenye chetezo upande mmoja wa chumba, watoto wamefumba macho, kila mmoja anainua mkono harufu ikimfikia. Moshi wenyewe ni chembechembe, harufu ndiyo gesi, nilieleza hivyo, wawili walielewa.

Taa ya spiriti sikuiwasha. Nyumba yenye dari la boriti na makuti juu, watoto kumi wanasukumana, hapana. Jiko la kawaida, sufuria, mtu mzima, inatosha. Vipande vya mshumaa tuliyeyusha kwenye kikombe ndani ya maji moto, vikaganda na shimo katikati kwa sababu nta ikiganda inasinyaa, ilhali maji yakiganda yanatanuka karibu sehemu moja kwa kumi na moja, chupa ya maji tuliyoijaza hadi juu tukaitia friza ilipasua kifuniko. Weka hizo mbili pamoja mezani, ni nzuri.

Huduma ya duka: wanajibu haraka, hilo siwanyimi. Niliwatumia picha ya chokoleti, wakasema pole sana mama, tutakutumia nyingine. Kwa basi. Nikawaambia msihangaike, wakanipa punguzo la 200 kwa oda ijayo. Kuhusu nafutalini walisema watawaambia wahusika, na kuhusu kosa la baluni walinyamaza mpaka leo.

Kwa hivyo kama uko Lamu au Malindi au popote huku pwani usinunue boksi zima. Nenda duka la dawa uitishe bomba la mililita 60 bila sindano, ukipata mawili bora, bei yake ni ndogo sana. Gololi dukani. Rangi ya chakula, konflawa, bekingi soda, siki, vyote viko. Barafu kwa wavuvi. Kitu ambacho sijakiona kwenye maduka ya hapa ni thamomita yenyewe, na duka lile lile linaiuza peke yake kwa 650, hiyo ndiyo ningeagiza. Waambie waifunge na katoni ngumu na waandike Mokowe na namba yako kubwa kubwa, kwa sababu ya jirani yangu ilifika na uzi mwekundu umekatika vipande katikati, akataka kuitupa. Ikikufikia hivyo usiitupe, ichomeke kwenye barafu ya chumvi mpaka rangi yote ishuke iingie kwenye kile kitumbo cha chini, halafu itoe uiache isimame wima ipate joto polepole, itaungana.